Kioo cha Mwisho wa Korido

Akinyi na Moseti, vijana niliowafunza kazi hii, wiki hii mmenitumia picha saba za korido mlizopamba. Nimezitazama zote, miwani puani, chai ikipoa kando yangu. Chini ya picha ya mwisho mmeniita nyanya kama kawaida yenu, mkaandika, "Shosho, si hii imeweza?" Imeweza. Rangi ni safi, rafu ya viatu imesimama wima, na nyaya za taa mmezificha vizuri kuliko nilivyowahi kuzificha mimi. Lakini katika picha tano kati ya hizo saba, mwisho wa korido mmeweka kioo kikubwa cha kujitazamia, kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Nilipofika kwenye kioo cha tano niliweka simu chini.

Ndiyo maana nawaandikia, tena kwa urefu, na mniwie radhi. Mnajua mimi ni mtu wa wasiwasi. Miaka yote niliyofanya kazi hapa Kitengela, wasiwasi ndio ulionilisha. Fundi mwingine akiona picha ukutani anaona picha. Mimi naona msumari unaolegea na mtoto anayepita chini yake. Wateja walinicheka, na bado walirudi, kwa sababu nyumbani kwao hakuna kitu changu kilichowahi kumwangukia mtu. Hilo nilijivunia kupita kiasi, na mtaona lilinifikisha wapi.

Mimi nilianza kwa kushona mapazia tu. Aliyenifundisha kazi ya korido ni Fundi Mutiso, seremala aliyekuwa na kibanda karibu na changu hapa mtaani Noonkopir, mtu mfupi, mkali, ambaye alikuwa akiongea na penseli mdomoni mpaka hujui amekutukana au amekusifu. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mteja, nikatoa futi yangu nianze kupima. Akanizuia. Akaomba beseni, akalijaza maji, akanipa. "Pita," akasema. "Toka mlangoni hadi jikoni, urudi. Pale maji itamwagika, hapo usiweke kitu."

Nilipita. Maji yalimwagika mara mbili: penye kona ya chumba cha kulala, na penye mlango unaofungukia korido. Mutiso akachora alama za chaki sakafuni, na kazi ya kupima ikawa imekwisha. Futi inakuambia upana wa ukuta, lakini haijui kuwa mama wa nyumba hupita na mtungi wa maji mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Hapa kwetu maji yakiletwa na lori la booza, mitungi inapangwa korido nzima, na anayepanga korido bila kuiwazia mitungi amepanga picha tu. Nasema hivi kwa sababu kwenye picha yenu ya tatu sijaona mitungi itakaa wapi.

Niliwahi kupuuza beseni mara moja tu, kwenye nyumba moja kule Tuala. Mteja alitaka kabati refu la korido, la viatu chini na makoti juu, na kwa haraka niliamua kuliundia mle mle ndani. Lilipendeza sana. Miezi minane baadaye akahamia nyumba nyingine, na kabati likakataa kutoka. Tulilipindua, tukalilaza, tukang'oa mlango na fremu yake. Mwishowe mpangaji akaenda, kabati likabaki, na nasikia hadi leo kila mpangaji anayeingia anaambiwa limekuja na nyumba. Mutiso alinicheka wiki nzima na penseli yake mdomoni.

Mengine mnayajua. Udongo wetu mweusi mvua ikinyesha unashika kiatu kama sima mbichi, kwa hivyo benchi ya kuvulia viatu iwe karibu na mlango, na chini yake trei. Mbao za kubandikwa ukutani msizishushe mpaka sakafuni, zinanyonya maji ya kupigia deki na kufura. Na kwa nyumba ya Kimaasai wekeni ndoano ndefu mlangoni ya fimbo ya mzee, kwa sababu mzee akikosa pa kuweka fimbo atakaa nayo mkononi saa zote, na nyinyi mtadhani hataki kukaa. Hayo ni madogo. Jambo lililonifanya niandike ni kioo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, Sintamei, aliyejenga nyumba yake upande wa mashambani, nje kidogo ya mji. Nyumba nzuri, lakini korido yake ilikuwa ndefu na yenye giza, vyumba pande zote mbili na ukuta mtupu mwishoni. Choo kilikuwa mlango wa mwisho kushoto, hapo hapo karibu na ule ukuta. Alinipigia simu nikiwa sokoni, kelele tele, akaniambia, "Mama, hapo mwisho nataka uniwekee kioo. Nipate mwanga."

Nikasema sawa. Kwangu mimi kioo ni kile cha kujitazamia, na kila fundi anajua kwamba kikielekea mlangoni kinaleta mwanga ndani. Nikatengeneza fremu ya mbao ya mninga, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini ya kupapasa. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, sioni haya kusema. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa na watoto, wasiwasi wangu ukanishika. Nilitia skrubu sita. Halafu nikaona hazitoshi, nikapaka gundi nzito nyuma yote. Nilijiambia kwamba hata ardhi itikisike, kioo hiki hakiendi popote.

Sintamei aliporudi kutoka shuleni alisimama akakitazama, kisha akacheka kidogo. "Mimi nilikuwa namaanisha kioo ya dirisha," akasema. "Utoboe ukuta, uweke glasi. But hii pia iko sawa. Imekuwa smart, Mama."

Nilitaka ardhi inimeze. Neno moja, kioo, na sikuuliza ni kipi. Nilimwambia nitakitoa, akakataa, akasema kimependeza, na korido kweli ilikuwa imepata mwanga. Tukakunywa chai, nikaenda zangu. Vijana wangu, hapo ndipo kosa lenyewe lilipofanyika, na wakati huo lilionekana kama mzaha mdogo kati ya wanawake wawili.

Mwaka uliofuata mama yake Sintamei aliletwa kutoka Ewuaso Kedong. Watoto walimwita Koko, yaani nyanya, na mimi pia nikamwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na shanga zake zilikuwa safi kila siku. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka. Huko kwao alikuwa ametoka asubuhi moja akapotea, wakampata jioni upande wa korongo, ameketi, midomo imepasuka. Tena figo zilikuwa zinamsumbua, na daktari alisema jambo moja la lazima: anywe maji mengi, na kila wiki aletwe kliniki hapa mjini. Kwa hivyo nyumba ya Sintamei ndiyo iliyokuwa imebaki.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Halafu Sintamei akanipigia simu, Jumanne, sauti yake iko chini. "Mama, kuja uone hii korido. Iko na shida, na mimi siioni."

Koko alikuwa ameacha kwenda chooni. Alikuwa akitoka chumbani kwake, anasimama mlangoni, anatazama korido, anarudi. Akishikwa mkono na Sintamei alikuwa anakwenda, lakini kichwa amekiinamisha. Sintamei akiwa shuleni, hakwenda kabisa. Na kwa kuwa hakutaka kwenda, aliacha kunywa maji. Kikombe kilikaa kando ya kitanda kutwa nzima kikiwa kimejaa. Kaka yake Sintamei, Lemayian, alikuwa amesikia, akapiga simu kusema mama ameteseka vya kutosha na Jumamosi anakuja kumrudisha nyumbani. Nyumbani kulikokuwa na korongo, na kusikokuwa na kliniki.

Siwezi kuwaeleza nilivyohisi. Korido ile nilikuwa nimeipanga mimi, kuanzia ndoano hadi zulia. Kama kulikuwa na kitu ndani yake kinachomtisha mgonjwa asinywe maji, kitu hicho kilikuwa kimetoka mikononi mwangu.

Nilifanya nilichofundishwa. Nikajaza beseni, nikapita kwenda na kurudi. Hata tone halikumwagika. Nikarudia nikiwa nimekunja magoti, nikienda polepole kama mzee. Hakuna kitu. Basi nikashuku zulia. Nilikuwa nimemshauri anunue la rangi nyeusi ili lisionyeshe matope, na niliwahi kusikia kwamba mzee mwenye kusahau anaweza kuona kitambaa cheusi sakafuni akadhani ni shimo. Nikalikunja zulia. Koko alitoka, akasimama, akarudi.

Jumatano nikaondoa benchi. Nikabadilisha balbu, pengine mwanga wa ile ya zamani ulimchoma macho. Nikashusha picha za watoto za kuhitimu. Korido ikabaki tupu kama ya nyumba inayouzwa, na Koko bado alitoka, akasimama, akarudi. Sintamei alikuwa amekaa jikoni na kikombe mkononi, maji yale yale ya asubuhi. "Ameonja tu," aliniambia. "Nimembembeleza mpaka nikalia, Mama. Na yeye akanipangusa machozi, kisha akakirudisha kikombe."

Alhamisi nilikwenda bila futi wala beseni. Nilikuwa nimeishiwa, hiyo ndiyo kweli. Nikaingia chumbani kwa Koko, nikaketi kitandani kando yake, kwa sababu sikujua nifanye nini tena. Tulikaa. Kisha akainuka, akashika fremu ya mlango, akachungulia korido, na akasema kwa sauti ya upole, "Takwenya."

Hiyo ndiyo salamu wanayopewa wanawake. Hata sisi tuliotoka upande wa Bungoma tumeishi hapa vya kutosha kuijua, na jibu lake pia. Nikadhani ananisalimia mimi, amesahau kwamba tulikwishasalimiana. Nikajibu kutoka nyuma yake, "Iko."

Akageuka akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeingilia mazungumzo. "Si wewe," akasema kwa Kiswahili chake kidogo. "Ule."

Nikainuka nikasimama nyuma yake. Mwisho wa korido, ndani ya fremu yangu ya mninga, alisimama bibi mwembamba mwenye shanga, hapo hapo kando ya mlango wa choo, akitutazama. Na mimi ndiye niliyemweka pale.

Sintamei alikuja akauliza kwa Kimaa, na Koko akaeleza bila haraka, na Sintamei akawa ananitafsiria, machozi yanamtiririka. "Kila siku namsalimia yule mama. Hajibu. Nikimsogelea, naye ananisogelea, hasemi neno. Siwezi kumpita mtu asiyeitikia salamu yangu niende kujisaidia mbele ya macho yake. Nimefikiri sana, nimeona lazima yeye ndiye mwenye nyumba. Kama mwenye nyumba hanitaki, nitarudi kwangu. Sina ugomvi naye."

Alikuwa amekaa wiki mbili kwa binti yake akidhani hakaribishwi. Nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, mpate kucheka kidogo. Nilirudi ndani kwa haraka, nikachukua shuka nyekundu ya Koko mwenyewe, nikafunika kioo. Nikajipongeza. Koko akachungulia, akamwambia Sintamei neno, na Sintamei, machozi bado yako mashavuni, akaanza kucheka. "Anasema sasa yule mama amejifunika shuka. Anasema ameibiwa shuka, na mwizi ameivaa mbele yake."

Basi kikabaki kitu kimoja, kukitoa kioo. Na hapo ndipo wasiwasi wangu wa zamani ulipokuja kunidai. Skrubu sita zilitoka. Kioo hakikutikisika. Ile gundi niliyoipaka nyuma yote, ili kisimdhuru mtu, ilikuwa imeshika kama ilivyoahidi. Ukikivuta kinapasuka, na vipande vya kioo korido nzima, mgonjwa yuko miguu mitupu. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimesimama mbele yake nikijitazama, na kesho Lemayian anakuja.

Mutiso alikuwa bado hai, ameacha kazi. Nikampigia simu nikamweleza yote. Nilimsikia akitafuna kitu, penseli nadhani. "Tafuta waya nyembamba," akasema. "Pitisha nyuma ya kioo kutoka juu. Wewe shika huku, mwingine huko. Mkate hiyo gundi kama mnakata sabuni ya mche. Polepole, Mama Nasimiyu. Haraka ndiyo ilikuletea ile ya Tuala."

Sintamei aliomba ruhusa shuleni. Tukapanda viti viwili, kila mmoja na ncha yake ya waya, tukakata gundi kuanzia asubuhi hadi saa nane. Vidole vyangu vilichubuka hata nilipovifunga vitambaa. Kioo kilipoachia kilitoka na plasta ya ukuta, tukakipokea vifuani na kukilaza sakafuni, kizima. Halafu nikamwita mwashi, akatoboa ukuta pale pale, na kufikia Jumamosi asubuhi kulikuwa na shimo la mraba, fremu, na glasi safi. Kile kioo alichokiomba tangu mwanzo.

Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na zizi la mbuzi. Koko alitoka chumbani, akashika fremu ya mlango, akachungulia. Alisimama muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akaanza kutembea peke yake, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mpaka mwisho, akaweka uso wake karibu na glasi. Akasema kitu. Sintamei akanitafsiria kwamba yule mbuzi mwenye doa anachechemea, na hapa nyumbani hakuna mtu mwenye macho. Akaingia chooni, akafunga mlango.

Lemayian alifika saa nne, fimbo mkononi, uso umekunjwa. Akamkuta mama yake ameketi kwenye benchi ya korido, tuliyoirudisha chini ya lile dirisha, akinywa maji kwa kikombe. Alimwinamishia kichwa, akaguswa utosini, salamu ya mtoto kwa mama yake. Hakuna aliyezungumza habari ya kuondoka. Nikamwonyesha ndoano, akatundika fimbo yake.

Koko aliishi kwa Sintamei miaka mingine mitatu. Kile kioo Sintamei hakutaka kukiona tena, na mimi singeweza kumuuzia mtu. Nilikuja nacho kwangu Noonkopir, nikakitundika mwisho wa korido yangu, kwa sababu ile fremu bado ni kazi yangu nzuri kuliko zote. Mmekiona. Akinyi, wewe hujipaka mafuta ya mdomo hapo kila ukija.

Kwa hivyo tangu leo, mteja akisema kioo, muulizeni ni kipi. Kisha muulizeni nani anaishi humo, na nani atakuja kuishi humo baadaye, mama wa nani, baba wa nani. Beseni pekee halitoshi. Kaeni kitandani kwa mtu anayeogopa, mtazame kutoka pale.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo lililonitoa jasho nilipoona picha zenu. Jumatatu iliyopita nilitoka jikoni na sufuria ya uji, nikamwona mama mmoja mwisho wa korido. Nikamsalimia kwa salamu ya kwetu Bungoma, "Mulembe." Nikangoja anijibu. Haukuwa muda mrefu, labda kupumua mara mbili, kisha nikajijua. Nilicheka peke yangu, lakini miguu haikucheka. Daktari amenipa tarehe ya kurudi. Naogopa, vijana wangu, na sitaki kujifanya siogopi.

Kioo changu nimekifunga kwa skrubu mbili tu, bila gundi hata tone. Bisibisi iko kwenye droo ya viatu, upande wa kulia. Siku nitakayowauliza yule mama ni nani na mbona hanijibu, msinicheke wala msinieleze. Mmoja wenu anipeleke nje nikaone kuku, mwingine akitoe.